Nyasi za Mama Mpakani

Machungwa ya Makueni yakiisha, mama huyafuata Tanzania. Ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa mdogo, na ana jambo moja ambalo hasikilizani na mtu: machungwa lazima yalazwe juu ya nyasi kavu za shambani kwetu Matiliku. Nyasi za Tanzania, anasema, zina unyevu, zinaozesha. Kwa hivyo lori huenda na nyasi na kurudi na nyasi zile zile. Watu wa sokoni humcheka, halafu hukimbilia machungwa yake.

Mwaka huu serikali ikaanzisha ukaguzi mpya mpakani. Wafanyabiashara waliitwa semina, wakapewa soda na kofia, wakaambiwa kila kitu kiko tayari. Kusema kweli, ofisi ilikuwa tayari: mabati mapya, viti bado vimefungwa nailoni, maafisa na makoti yao yaliyopigwa pasi. Safari hiyo nilimsindikiza mama, maana mtaji wake wote ulikuwa ndani ya lori, na stakabadhi hawezi kuzisoma bila miwani, na miwani hataki kuvaa.

Tulipokuwa tukirudi na mzigo, afisa akainua turubai, akachomoa nyasi. "Mama, hizi zimetoka wapi?"

"Kwangu," mama akasema kwa fahari. "Nimezikata mwenyewe."

"Sasa zimetoka ng'ambo. Nyasi za ng'ambo haziingii, lazima zichomwe."

"Ai, kijana yangu! Shida iko wapi? Nipe kiberiti."

Wapi! Zilitakiwa kuchomwa ndani ya tanuri maalum, na tanuri lilikuwa bado njiani. Tukaonyeshwa mahali litakapokaa, sakafu ya simiti iliyofagiliwa vizuri. Mama akauliza kama anaweza kuchomea hapo sakafuni. Hapana. Apakue machungwa, aache nyasi? Hapana, mzigo usiguswe. Azirudishe Tanzania? Wenzao wa upande wa pili wakasema nyasi za Kenya hawazitaki.

Tukangoja, siku baada ya siku. Jua la huko halina mchezo. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alituletea chai, akapiga simu mbele yetu kuuliza tanuri limefika wapi. Mwanzoni mama alikuwa moto kama pasi. Baadaye akaanza kumwita "mwanangu" na kumbembeleza. Hilo liliniuma kuliko hasira yake, kwa sababu mama si mtu wa kubembeleza. Chini ya lori maji ya machungwa yalikuwa yameanza kudondoka, na nzi wamejaa.

Hatimaye tanuri likaja, likasimikwa. Machungwa yakapakuliwa, nyasi zikachomwa, picha zikapigwa. Ziliungua zikaisha kabla mpiga picha hajajipanga. Afisa akagonga muhuri, akampa mama mkono.

"Hongera, mama. Wewe ndiye wa kwanza kupita."

Mama akaokota chungwa, kidole kikazama ndani.

"Basi, mwanangu, choma na haya."

"Hayo hayana kosa, mama," afisa akasema kwa upole. "Yameruhusiwa."

Tukayapakia tena, kwa sababu kuyaacha pale pia hakukuruhusiwa.

Meza yake sokoni sasa ina mwanamke mwingine, anauza mitumba. Jumapili, tukienda kanisani, mama hupita njia ya nyuma, ndefu, yenye matope, ili asiione meza ile.