Kondoo wa Idi

Tangu kaka yangu Mbagnick, mwanamieleka wa hapa Pikine, aanze kujaa misuli, hasira nazo zilimjaa. Alivunja mlango wetu, akampiga mwenzake mazoezini hadi akazimia. Mama akashikilia kwamba mpinzani wake, Gorgui, amemroga. Kila asubuhi alimwogesha Mbagnick maji ya mganga huku akimlaani Gorgui. Mbagnick aliinama tu, akaogeshwa.

Jana kondoo wetu wa Idi alimkanyaga mguu. Mbagnick alimtwanga ngumi moja ya kichwa, na kondoo tuliyemlisha mwaka mzima akawa mzoga.

Mama akakimbilia chupa ya maji. "Kaa nikuogeshe, baba."

"Acha, mama. Sijarogwa. Najidunga sindano za kukuza misuli, ndizo zinazonitia hasira."

Mama aliiweka chupa chini polepole.

"Na mimi nimemlaani mtoto wa watu miezi mitatu, wewe unanitazama?"

"Nisamehe. Sindano nimeacha leo."

"Vaa viatu. Twende kwa Gorgui tukamwombe radhi. Halafu utapigana naye kwa mwili wako mwenyewe."

"Ataniangusha, mama."

"Akuangushe. Utainuka ukiwa mwanangu."