Miti ya Goli Iliyombeba Mzee

Kwa jina la Mungu aliyetuumba, naandika mimi mzaliwa wa Kenya, si nchi ile bali mtaa wa mji wetu wa shaba, mwana wa mchimba shaba.

Mwaka ule wa uporaji, mzee aliyeuanzisha mpira mtaani kwetu, mwalimu wetu sote, alifariki, na gari la kumpeleka makaburini halikupatikana. Mashabiki wa timu mbili hasimu wakang'oa miti ya goli aliyoisimika mwenyewe, wakalifunga jeneza juu yake.

"Beba muzuri, weye!" mmoja alimtania hasimu wake. "Usianguke bila kuguswa, sawa vile munafanyaka!"

Baada ya maziko, mjane wake akawaambia, "Batoto, murudishe ile miti. Baba yenu hakupendaka kiwanja bila goli."

Waliirudisha kabla hata ya kunawa mikono ya maziko. Katika mwaka ambao kila mtu alibeba vya watu, hao tu ndio niliowaona wakirudisha.

Mungu amrehemu mwalimu wetu, nanyi mliosoma awajalie watu wa kuwabeba.