Baba mkwe kahamia uwanjani kwangu kwa ajili ya gari la ufukweni

Admin, nifichie jina, maana mawifi zangu wote wako humu na hawakawii kunijua. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Igowole, nimeolewa huku Mbeya kwa Wanyakyusa, nina watoto wawili na cherehani yangu. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikiropoka.

Mume wangu ni fundi wa bodi za magari. Mwaka jana alinunua bodi ya faiba iliyokuja vipande vipande, ya kagari ka wazi, hakana milango wala paa, ka kutembelea kwenye mchanga wa ufukweni. Unatafuta gari kobe chakavu, lile la mgongo wa mviringo, unalivua bodi yake, unakata chesisi, yaani fremu ya chini, iwe fupi, halafu unafunga hiyo ya faiba juu. Mpango ulikuwa tulipeleke Matema kule ziwani, wageni wawe wanakodi. Nikasema sawa, ni kazi, Mungu aibariki. Sikujua kwamba baba mkwe atalipenda kuliko mwenye gari.

Sasa niwaeleze wasiojua. Kwa wakwe zangu, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija huku, wewe unakatiza kule, na jina lake hulitamki. Familia nyingi siku hizi wameacha, lakini hii niliyoolewa mimi wameshika kweli kweli, na ni watu wa kanisani kabisa. Kwetu baba mkwe tunamsalimia na chai tunamwandalia, ila nilipoolewa nilikubali ya kwao. Sikuona shida, maana mzee alikuwa anakuja kwa nadra, Krismasi au kukiwa na msiba.

Tangu hilo bodi liingie uwanjani kwangu, mzee anakuja kila siku ya Mungu. Amestaafu, amepata mchezo. Mume akienda gereji, yeye anabaki anapiga msasa, anapaka gundi ya faiba, anajiimbia nyimbo za kwaya kwa raha zake. Na mimi je? Niko ndani! Bomba liko uwanjani, choo kiko uwanjani, kamba ya kuanikia iko uwanjani. Cherehani nimeitoa barazani nimeiingiza chumbani, wateja wakija wanamkuta mzee tu, wanageuza. Jamani, kuna siku nimebanwa na haja ndogo mpaka machozi yananitoka, mtu yuko nje anasugua taa! Nikimwambia mume wangu anacheka. "Vumilia mke wangu, linakaribia kuisha." Linakaribia tangu mahindi hayajapandwa!

Basi ikaingia baridi. Wa huku kwetu Uyole mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Ile gundi ikawa haikauki, inanata tu kama asali. Wakapata akili yao, baba na mwana: wakafunika gari lote kwa turubai mpaka chini, wakaingiza jiko la mkaa humo ndani lilete joto. Nikamwambia mume wangu, "Mkaa ukifungiwa unaua watu, wewe si unasikia kila mwaka?" Akanijibu, "Hao wanaokufa wanalala nao chumbani. Hili ni turubai, siyo nyumba." Nikarudi kwenye cherehani yangu, kwani mimi fundi?

Siku hiyo mume yuko kazini, mimi nashona chumbani. Nasikia mzee anaimba, mara kimya. Nikasubiri nisikie msasa. Hakuna. Nikagonga dirisha, nikaita, "Jamani, huko nje!" maana jina lake siruhusiwi kulitaja. Kimya.

Nikatoka. Nilipofunua turubai nikamkuta kalala kifudifudi karibu na jiko. Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka kwenye nyasi, nikamfungua vifungo vya koti, nikampepea kwa khanga yangu huku napiga yowe, "Baba! Baba!" Akavuta pumzi. Akafungua macho, akaniangalia. Miaka yote ya ndoa yangu, ndiyo mara ya kwanza kuona macho ya baba mkwe wangu. Ni yale yale ya mume wangu. Halafu akavuta kofia, akajifunika uso. Majirani wakawa wamefika kwa kelele zangu, wakamwahisha hospitali.

Nilidhani nitashukuriwa, mjinga mimi. Jioni mama mkwe akaja na shangazi yao. "Umemshika baba yako kwa mikono yako? Mbele za watu?" Nikamgeukia mume wangu anitetee. Akaangalia chini, akasema, "Sasa si ungekimbilia kwa jirani?" Yaani nimwache baba yake anakata roho, nikabishe hodi kwa watu! Niliumia hapo kuliko kwa yote waliyosema wale wamama.

Wakaamua nipeleke jogoo kuomba radhi. Mume wangu ananibembeleza, "Ni jogoo tu, mama, yaishe." Kwangu siyo jogoo. Nikimpeleka, nimekubali kwamba kumwokoa mtu nilikosea, na watoto wangu watakua wakijua hivyo. Na mzee mwenyewe, anayejua yuko hai kwa sababu ya nani, hajafungua mdomo kunitetea. Kapona, karudi uwanjani, na mimi nimerudi chumbani. Nawaza kufunga mizigo nirudi kwetu, lakini mume wangu bado nampenda, ndiyo shida.

Sasa tangu jana baridi imezidi. Nimechungulia dirishani nikaona jiko limerudishwa chini ya turubai, na mzee anaingia humo anaimba. Nimekaa na nguo ya mteja mkononi nasikiliza wimbo, sijashona hata mstari. Nishaurini ndugu zangu, nina akili moja tu na imechoka. Akinyamaza tena, nitoke, au nikae ndani kama mkamwana mwenye adabu?