Apollinarie na Joto la Katumba

Treni ya kutoka Tabora ilikwama njiani saa nne nzima, na bati la behewa likawa haligusiki. Niliposhuka Katumba, Oktoba 1996, nyasi zilikuwa zimeungua hadi ukingoni mwa reli. Sikumjua mtu pale. Karani wa stesheni alinielekeza kwa Rénovat, Mrundi mkulima wa tumbaku, aliyekuwa na chumba cha mgeni.

Uani nilimkuta mama yake, Apollinarie, amevaa sweta zito, vifungo vyote vimefungwa. Jirani yao Verdiana, mama wa Kikonongo, mwenyeji wa pale, alikuwa akimcheka waziwazi.

“Mama, sweta mwezi wa kumi? Utaiva wewe!”

“Acha niive. Jua lenu halijanijua bado.”

“Miaka mitatu sasa! Linangoja nini, barua?”

Walicheka wote, hata mkwe, Joséline, aliyekaa mkekani miguu imevimba, mimba ya miezi tisa.

Kwao ni Mugamba, milima ya Burundi ambako asubuhi mtu akisema mvuke unamtoka mdomoni. Walikimbia vita mwishoni mwa 1993, wakaja kwa ndugu waliokuwa Katumba tangu 1972. Nilikusudia kulala siku mbili, nikakaa. Walikuwa wanajifunza joto kama mtu anavyojifunza lugha ukubwani. Rénovat alilima tangu alfajiri akarudi saa nne. Joséline aliacha kupika maharage mchana. Apollinarie peke yake ndiye aliyeziba madirisha kwa magunia. Kila asubuhi mwanawe aliyaondoa, kila jioni yalirudi, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Sababu alinieleza Rénovat, tukimwagilia vitalu vya tumbaku karibu na kijito.

“Mama alizika watoto wawili kule. Kichomi, baridi tu. Ndiyo maana kwetu mzazi akijifungua, bibi anakaa naye ndani siku nane, moto hauzimwi, mtoto anafunikwa blanketi. Mimi nilipona hivyo.” Akamwaga ndoo. “Mwaka juzi mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwezi huu huu. Mama akafunga mlango, akawasha moto. Siku ya tano mtoto akawa wa moto mwili mzima. Mama akadhani ni baridi imemwingia, akaongeza blanketi la pili.”

Alikwenda kuchota tena. Aliporudi alisema, “Nesi alituambia kilichomuua ni joto. Mama alikuwa amesimama pale pale, anasikia.”

“Na safari hii?”

“Sijui nimwambie nini. Ni mama yangu. Na huyu mtoto namtaka.”

Hakuhitaji kumwambia. Joséline alijifungua Jumatano asubuhi, mtoto wa kike, na Apollinarie mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Verdiana. Alimleta hadi mlangoni, akabaki nje.

“Ingia. Siku nane ukae naye wewe. Madirisha nimeshafungua.”

“Mama, hiyo kazi ya bibi.”

“Naijua kazi ya bibi.”

Verdiana hakutania. Aliingia.

Siku nane zile Apollinarie alilala jikoni. Alipika uji, akaukabidhi mlangoni, akauliza kama mtoto ananyonya. Siku ya nane Joséline alimtoa mtoto nje, kishati chepesi tu mwilini, akamweka mikononi mwa bibi yake.

“Mwana wanje,” Apollinarie alimwita kwa Kirundi, mwanangu, akamfuta jasho shingoni kwa kidole kimoja. Ukapita upepo wa moto wenye vumbi. Nikaona mkono wake wa kulia unavuta kitenge begani, unamfunika mtoto kichwa, unakunja upande huu, unakunja upande ule, upesi, kama mtu anayefunga mzigo aliouzoea. Rénovat alipiga hatua moja, akasimama.

Apollinarie alitazama chini. Akafunua. Akamrudishia Joséline mtoto.

“Umeona, mukazana, mkwe wangu? Mikono hii hainiulizi.”

“Mama, tutakuwa tunakuangalia.”

“Mchana mtaniangalia. Mkilala je?”

Kesho yake likapita lori la magunia ya mahindi linalokwenda Mishamo, makazi mengine ya Warundi, na Apollinarie akaomba apelekwe huko kwa kaka yake Arcade. Rénovat alibishana naye barabarani mpaka sauti ikamkauka.

“Mama, huko nako joto ni hili hili!”

“Najua. Lakini kwa Arcade hakuna mtoto mchanga.”

Joséline alikuwa analia bila kujificha. Aliuliza atarudi lini. Apollinarie alikuwa ameshapanda juu ya magunia, na ilibidi ainame ili asikike.

“Mtoto akiweza kujifunua mwenyewe,” alisema, “niiteni.”

Dereva akatia gia. Joséline alibaki amesimama juani na mtoto kifuani, mpaka Verdiana alipokuja kumshika bega na kumvuta kivulini.