Mchungwa wa Bibi wa Ukerewe

Nyumbani kwetu Pasiansi hakuna aliyekula embe akatupa kokwa bila ruhusa. Unaliweka kwenye beseni la bati pale mlangoni, baba aje aamue kama linafaa kupandwa. Wageni walidhani ni usafi. Usafi wapi! Tulikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara, na mpaka leo tunacho.

Kazi hii ilianza na babu yangu kule Kagera. Alipokuwa kijana alimbebea padri mmoja masanduku ya miche kutoka ziwani kupandisha mpaka misheni. Padri alikuwa mkusanyaji wa mimea, mingine akiileta, mingine akiituma kwao. Babu hakupata cha maana, ila alikariri kila alichobeba na mahali kilipopandwa, na msimu uliofuata nyuma ya migomba yake yakaonekana majani ambayo hakuna jirani aliyewahi kuyaona. Baba aliisimulia hadithi hiyo bila aibu hata chembe. "Wizi gani?" alisema. "Kwani padri naye aliomba kwa nani?"

Ugonjwa huo baba aliurithi mzima mzima. Mchungwa ninaotaka kuueleza aliupata kwa kula. Alikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, akisubiri kivuko, akanunua chungwa moja kwa mama aliyeyapanga kwenye ungo, akalimenya, akaacha kutafuna. Kivuko kiliondoka yeye bado anauliza machungwa yametoka wapi. Alimfuata yule mama kwa miguu hadi kijijini, kwa bibi mjane aliyekuwa na mchungwa mmoja nyuma ya jiko. Ganda jembamba, mbegu mbili tatu, utamu wenye ukali kidogo mwishoni. Bibi alicheka sana kusikia mtu mzima ameachwa na kivuko kwa ajili ya chungwa, akamruhusu akate vijiti anavyotaka.

Chungwa zuri sisi hatulipandi kwa mbegu. Unaotesha mlimau, maana mizizi yake ni migumu, kisha unachukua kikonyo cha mchungwa, yaani jicho moja tu lenye kipande cha ganda, unakipachika kwenye shina la mlimau na kukifunga kwa nailoni. Tunaita kubebesha. Kikonyo kikishika, unakata kichwa cha mlimau, na mchungwa unaendelea juu ya mizizi ya mwenzake.

Miche ile ya kwanza baba aliiuza yote. Hakujibakizia hata mmoja, kwa kuwa mti wa bibi ulikuwepo na kivuko kilikuwepo.

Miaka ikapita, presha ya macho ikamchukua baba uoni wake wote. Ndipo ikaja habari kwamba bibi amefariki na wanawe wanataka kujenga pale nyuma ya jiko. Baba alisema tunakwenda kesho. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mkataba wangu wa kiwanda cha samaki kwisha, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye ngazi za kivuko. Alikata vijiti kwa kupapasa. Tuliporudi alibebesha miche ishirini na miwili kwa siku mbili, kwa vidole vitupu, mimi nikifunga nailoni. Ilikuwa kazi safi kuliko ya wengi wenye macho. Wiki chache baadaye mti wa bibi uling'olewa, na kwa tulivyojua mchungwa ule ukawa umebaki kwenye viriba vyetu tu, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche.

Kitaluni mimi nimekulia kwenye mipapai ya mama. Kila kiriba unaweka mbegu tatu, zikiota unaacha mche wenye nguvu, dhaifu unaondoa. Nimefanya hivyo tangu sijaanza shule. Sasa asubuhi moja nikapita kwenye michungwa ya baba na kisu, nikijiona mtu wa maana. Kila shina lilikuwa na machipukizi mawili, moja refu linalong'aa, na jingine dogo lililojikunyata. Nikakata madogo yote. Ishirini na mawili. Nilipiga hata mluzi.

Yale marefu yalikuwa ya mlimau, yametoka chini ya nailoni. Yale madogo ndiyo yalikuwa mchungwa.

Baba aligundua baada ya siku nne. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa. Akaenda kiriba cha pili, cha tatu. "Huu mlimau," alisema. "Huu pia mlimau." Nikasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nakunja uso peke yangu. Nilisema, "Baba, mbuzi wa jirani waliingia, walikula vikonyo."

Alipitisha kidole gumba kwenye shina taratibu, pale kikonyo kilipokuwa. "Mbuzi wabaya hao," alisema, akaingia ndani. Hakula mchana wala jioni. Niliona haya kiasi kwamba nilienda kumwagilia mche uliokuwa umeshamwagiliwa.

Kilichobaki ni desturi ya mama. Ukinunua mche kwake, mti ukizaa mara ya kwanza unamletea tunda moja. Haandiki popote, ila anakumbuka nani alileta nini na lilikuwa na utamu gani. Nilipomuuliza kuhusu miche ile ya kwanza aliyoiuza baba, alifumba macho kidogo. Walioleta machungwa yale walikuwa wawili. Mmoja alishamwaga zege uani kwake, mti ukaondoka. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa Nyegezi.

"Ila huyo alirudi mwaka jana kunisema," mama aliongeza. "Aliniletea malimau."

Nilikwenda kesho yake. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Nyie ndio mlionipa mti wenye sura mbili?" Alinipeleka uani. Hakuna aliyemwambia aondoe machipukizi ya chini, na mlimau ulikuwa umepanda umeufunika mchungwa wote, unazaa malimau yenye ganda la mabonde. Niliuzunguka. Upande wa ukutani, chini kabisa ya majani, palikuwa na tawi moja lililo hai nusu, lenye chungwa moja bovu. Nilifikicha jani lake, nikanusa, machozi yakanitoka. Mwalimu akaniuliza kama nina mzio.

Tawi lilitoa vikonyo vinne vya kufaa. Nilivifunga kwenye kitambaa kibichi, nikarudi navyo nimevishika kifuani njia nzima. Baba alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nilimwekea jani mkononi. Alinusa, akanusa tena, kisha akalitia mfuko wa shati.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akakataa kushika kisu. Nilibebesha mimi, yeye akinikatia nailoni kwa meno. Cha kwanza kilikauka baada ya wiki. Cha pili na cha tatu vikafuata. Nilianza kuogopa kukipita kile cha nne, nikawa nazunguka upande wa mipapai.

Asubuhi moja baba aliniita. Alikuwa amechuchumaa, kidole gumba kwenye shina la mche wa nne. Palikuwa na kichipukizi cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele. Chini yake, chipukizi la mlimau lilikuwa limeshafika urefu wa kidole, linang'aa. Baba alilipapasa hili la chini, akalichomoa, akanipa.

"Kimeshika, mama," alisema. Ndivyo anavyoniita akiwa na furaha.

Nikasema nitauzungushia wavu vizuri.

"Zungushia," alisema, akinyoosha magoti kwa shida. "Lakini wavu haumzuii yule mbuzi wetu. Yule anatembea na kisu."