Siku Haisi Yetu Ilipoondoka na Viti Vitupu

Stendi ya Iguguno gari zinapakia kwa zamu, na gari haiondoki mpaka ijae. Shida ni kwamba watu wa kwetu hawapandi gari tupu. Wanaizunguka haisi wakinywa chai, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, maana anayeanza ndiye atakayekaa sana. Ndiyo maana makonda tunakaa ndani tukijifanya abiria. Mimi nilikuwa bingwa. Nakaa dirishani na begi mapajani, nimenuna kama mtu anayechelewa kesi. Nimesafiri kwenda Singida mjini mara nyingi sana bila kutoka stendi.

Siku moja nikamwambia dereva wangu, "Braza, tuondoke saa moja asubuhi, ijae isijae. Abiria wako barabarani huko wanatusubiri, na sisi tunawasubiri hapa."

Aliogopa, lakini tukaenda kwa mzee anayepanga zamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta ujinga gani leo?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikataka kudondoka. "Wewe wa darasa la saba ndiyo utufundishe saa?"

"Mzee, saa yenyewe tulimaliza darasa la pili."

Dereva akanikanyaga mguu.

"Haya, kesho ondokeni," mzee akasema. "Mkifika mjini na viti vitupu, gari yenu inatoka kwenye mstari wangu."

Hapo utani ukaniisha. Mwenye gari alishasema ikikosa mstari anaiuza.

Kesho yake tukatoka na abiria watatu: mama mwenye kuku kwenye tenga, na vijana wawili wauza asali. Makonda wenzangu wakatupungia mikono kama tunaenda kuzikwa. "Msalimieni upepo!"

Kituo cha kwanza watu walikuwa tele. Tukasimama, hakuna aliyesogea. Gari ina nafasi asubuhi yote hii? Lazima ina kasoro. Kituo cha pili baba mmoja aliinama, akachungulia tairi, akarudi nyuma. "Hiyo imekodiwa na watu wa msiba," akamwambia mwenzake.

Dereva jasho likaanza kumtoka. "Umeniua, dogo."

Kituo cha tatu nikaacha kupiga kelele za "mjini, mjini". Nikashuka, nikamwendea bibi aliyekaa juu ya gunia la alizeti. "Shikamoo bibi." Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani, nami nikaulizia shamba, mbuzi, wajukuu. Watu wakasogea kusikiliza.

"Mbona gari yenu tupu? Imeharibika?"

"Nzima, bibi. Imeondoka kwa saa."

"Saa ya nani?"

"Ya kwako wewe uliyekaa juani."

Hakucheka. Akamgeukia mama wa kuku pale dirishani, akamuuliza kwa Kinyiramba. Mama akajibu kwa Kiswahili, kila mtu asikie: "Sijasubiri hata kidogo! Chai yangu nimeiacha ya moto!"

Bibi akasimama. "Pakia gunia langu."

Nikalipakia, na wengine wakaja nyuma yake kama kuku waliomwagiwa mtama. Toka hapo bibi ndiye alikuwa konda. Kila kituo anatoa kichwa nje: "Pandeni, hii haisubiri mtu!" Mimi nikabaki na nauli tu. Tunaingia mjini, hakuna kiti kitupu, na tenga la kuku liko mapajani kwa mwalimu mmoja aliyepanda njiani.

Nikampigia simu mzee wa zamu. "Mzee, tumefika. Imejaa."

"Muongo wewe. Nipe abiria."

Nikampa bibi. Nikasikia mzee anatoa shikamoo kule, sauti imekuwa ndogo. Bibi akaitikia, kisha akaanza: "Wewe ndiye unayetukausha juani miaka yote hii? Kesho nataka gari ya saa moja. Na ya saa mbili, dada yangu anachelewa kuamka."

Simu ikarudi kwangu. Mzee akakohoa. "Mwambie nimesikia. Saa moja ni yenu. Sasa saa mbili nani ataondoka?"

"Si wale waliotupungia mikono, mzee? Mikono yao imeshapata mazoezi."

Dereva alikuwa ameshailalia honi kwa furaha, stendi nzima ya mjini inageuka kutuangalia.