Mwenye Simu Yuko Ng'ambo

Majira ya baridi yale walinipunguzia zamu kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi, nikalazimika kutafuta kibarua cha kuziba pengo. Mwenzangu mmoja wa kanisani akanielekeza kwenye kampuni ndogo ya utafiti iliyokuwa ikitafuta watu wanaojua Kiswahili. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga simu Kenya, katika kaunti moja kavu ambayo sijawahi kufika ingawa mimi ni Mkenya, na kuwauliza wapiga kura wangependa gavana wao ajaye aanze na nini. Aliyelipia utafiti ule, tuliambiwa tu, alikuwa mgombea.

Nilipigia simu chumbani kwangu, Queensbury, mtaa wa Landani, ghorofani katika nyumba ya mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuletwa huku akiwa msichana. Nilimwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, kama walivyomwita wajukuu zake. Wajukuu hao walimsemesha kwa Kiingereza, watoto wake kwa Kigujarati, na Kiswahili chake, alichokiokota dukani kwa baba yake, kilikuwa kimekaa miaka mingi bila mtu wa kukizungumza naye. Basi nilipoanza kazi, alileta kiti chake akakiweka nje ya mlango wangu, sinia ya dengu mapajani, akawa anachambua huku anasikiliza.

"Mlango usifunge," aliniambia. "Mimi nataka sikia watu."

Na watu walisema. Wengi walitaka maji. Wengine dawa hospitalini, na daktari wa kuziandika. Barabara, basari, kazi kwa vijana. Mzee mmoja alitaka gavana asiyepita sokoni na ving'ora. Mama mmoja alitaka jokofu la maiti linalofanya kazi, kwa sababu alimzika mumewe kabla ndugu zake hawajafika na hadi leo hawaongei naye. Nilikuwa nikiandika huku dirisha langu likiwa jeusi, maana mwezi ule giza la Landani huanguka mapema, na kwao nako jua lilikuwa likizama, kwa hiyo mara nyingi nilihisi kwamba tunazungumza gizani sote, kila mtu katika giza lake.

Siku moja kompyuta ikaniletea nambari ya mwanamke wa kata ya mbali kabisa. Skrini ilionyesha jina lake na umri wake, mtu wa makamo. Simu iliita sana kabla ya kupokewa. Kabla ya sauti ya mtu, nilisikia mvumo mzito, usiokatika.

"Habari ya jioni, mama. Nazungumza na mwenye simu?" Nikataja jina.

"Ndiye mimi."

Sauti ilikuwa ya bibi kizee, yenye mkwaruzo. Nikadhani umri uliandikwa vibaya. Nikamweleza shughuli yangu, nikamuuliza swali la kwanza: gavana ajaye aanze na nini?

"Daraja," alisema.

"Na la pili?"

"Daraja."

Simu ikakatika. Mtandao wa huko ulikuwa hivyo, na mahojiano yaliyokatika yalirudi yenyewe kwenye foleni. Kesho yake ilirudi. Mvumo ulikuwa uleule.

"Nazungumza na mwenye simu?"

"Ndiye mimi," ikajibu sauti ya msichana.

Nilitazama skrini. Jina lilelile. Nilitaja umri ulioandikwa, naye akasema ndiyo, ndio umri wake. Nikamuuliza gavana aanze na nini, akasema daraja. Nilipomuuliza kama jana tuliongea, alisema taratibu, kama mtu anayekariri, "Mimi ndiye mwenye simu." Akakata yeye.

Nje ya mlango, mkono wa Ba ulikuwa umesimama juu ya dengu.

"Yule wa jana?" aliuliza.

"Nambari ile ile."

"Sauti si ile."

Mara ya tatu alipokea mwanamume. Nilitaka kukata nikifikiri nimekosea, lakini aliponisikia nikilitaja jina la mwanamke yule alijibu bila kusita, kwa sauti nene ya mtu mzima, "Ndiye mimi." Moja ya maswali yetu lilikuwa la jinsia. Sijui kwa nini niliuliza, maana nilikuwa nimekwisha sikia.

"Wewe ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke," alisema.

Hakucheka. Nilingoja acheke. Mvumo tu ndio uliokuwa ukisikika, na nyuma yake mbuzi mmoja akilia. Nilishukuru kwamba Ba yuko pale mlangoni, mtu mwenye joto na harufu ya binzari.

"Baba," nilimwambia, nikiuacha utaratibu wa kazi, "sikutanii na wewe usinitanie. Mwenye simu hii yuko wapi?"



"Yuko ng'ambo," alisema.

"Ng'ambo nchi gani? Mimi pia niko ng'ambo. Niko Landani."

"Si nchi. Ng'ambo ya mto."

Akanieleza polepole, akirudia kila mtandao ulipommeza. Mwenye simu alikuwa mhudumu wa afya wa kijijini, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto. Kituo cha afya kiko upande wa pili wa mto, na mto wao ni wa mchanga, karibu mwaka mzima huvukwa kwa miguu. Siku hiyo alikuwa akimpeleka mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Hapakuwa na wingu. Mvua ilinyesha milimani, mbali, na maji yakaja yakiwa yamesimama kama ukuta. Mjamzito alishika mwamba, akajifungulia pale pale juu ya mwamba, na mtoto yuko hai. Mhudumu hakuonekana tena. Walimtafuta kwa majembe kwenye mchanga hadi walipochoka.

"Na simu?"

"Aliiacha hapa. Mtandao unashika hapa tu, kwenye mti wa ukingoni. Sote simu zetu tunazitundika hapa. Yake hatukuitoa, tunaichaji kwa zamu."

"Mbona mnajibu kwa jina lake?"

"Chifu alisema mtu asiyepatikana hajafa. Cheti hakuna, kaburi hakuna. Kadi yake ya kura iko. Basi akiulizwa, nani atasema anachotaka? Anayepita hapa ndiye anayejibu. Na sisi tunajua anataka nini."

Nilipoweka simu chini Ba alikuwa ameingia ndani kabisa, amesimama kando ya kitanda changu. Alisema neno moja la Kigujarati ambalo sikulielewa, kisha akashuka jikoni, na nikasikia akiwasha taa za chini zote.

Msimamizi wetu alikuwa Mzanzibari, mtu mpole, anayepima maneno. Nilimweleza yote ofisini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu," alisema, "mimi nakuamini. Lakini mtu mmoja sauti moja. Hii haiwezi kuingia."

"Wao wanasema hajafa."

"Basi tungoje aseme mwenyewe." Aliona uso wangu, akaongeza, "Nisamehe. Sikusudii dhihaka." Akaifuta rekodi ile mbele yangu. Kata ile haikuwa na mwingine aliyepokea simu, na hivyo daraja likatoka katika matokeo yetu kana kwamba hakuna aliyewahi kulitaja.

Mgombea alikuja Landani kabla ya masika kuonana na watu wa kwao. Walikodi ukumbi Tooting, juu ya duka la vitambaa. Mimi sikuwa mtu wa kaunti ile, lakini nilikwenda, na Ba akataka kuja. Tulibadilisha treni, yeye akiwa amevaa koti juu ya sari. Pale ukumbini palikuwa na chai ya maziwa na mandazi, wauguzi waliotoka zamu, madereva wa mabasi, wanafunzi. Mgombea alikuwa mtu wa kupendeza, mcheshi, aliyejua kumwita kila mzee kwa jina la ukoo wake. Alisema amewasikiliza wananchi: maji kwanza, afya, ajira. Nilizitambua sentensi. Baadhi nilikuwa nimeziandika mimi.

Wakati wa maswali nilisimama. Nilitaja kata ile, nikasema kuna mto, na watu wake wanataka daraja.

Alitabasamu kwa wema. "Dada, umepitwa na habari. Daraja lile lipo. Nilipokuwa serikalini nilikwenda mimi mwenyewe kulizindua. Utepe niliukata kwa mkono huu."

Watu walipiga makofi kidogo. Akauinua ule mkono. Nami nikauona ukibaki juu, nusu, na tabasamu likimpungua taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichokiona baada ya utepe kuanguka.

"Ulivuka?" aliuliza Ba, akiwa ameketi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Samahani, mama?"

"Daraja. Wewe ulivuka?"

Mwenyekiti wa mkutano akampa nafasi muulizaji mwingine.

Nilipiga ile nambari kesho yake kwa simu yangu mwenyewe, nikijua siruhusiwi. Alipokea bibi kizee. Nilimuuliza kuhusu utepe.

"Ulikuwapo," alisema. "Waliufunga kwenye miti miwili, hapa ukingoni. Mwekundu. Wageni walikaa kwenye hema, nyuma ya utepe ni turubai, nyuma ya turubai ni mto. Walikata, wakala nyama, wakaondoka. Hapakuwa na kitu."

"Na huyo mhudumu alikuwapo?"

"Mimi nilikuwapo," alisema. "Nilipiga vigelegele na wenzangu." Sikujua anayesema ni bibi au ni yule mwingine, na niliogopa kuuliza.

Kwa wiki kadhaa sikupiga. Nilikuwa nikilala vibaya. Mabomba ya nyumba yalipoanza kunguruma asubuhi niliketi kitandani nikisikiliza, nikidhani kuna mtu atazungumza. Mwishowe ni Ba aliyeniletea simu.

"Piga," alisema. "Mimi pia siwezi kaa hivi."

Alipokea yule mwanamume wa sauti nene. Hakungoja nimuulize. Mgombea alikuwa amekuja, alisema, bila ving'ora, katika gari moja. Alisimama ukingoni pale pale miti miwili iliposimama. Aliuliza ni nani aliyepeleka maneno Landani, nani mwenye simu. Wakamwambia mwenye simu yuko ng'ambo. Yeye akadhani ni mtu anayekaa upande wa pili. Akakunja suruali, akaingia majini na viatu vyake, akisema atakwenda kumwona. Mto ulikuwa na maji ya kiunoni. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemfuata.

"Alipofika katikati alisimama," yule mwanamume alisema. "Akageuka akatutazama. Sijui aliona nini kwenye nyuso zetu. Alirudi akiwa amesawijika uso. Hakuuliza tena."

Labda ilikuwa aibu, labda hofu, labda hesabu ya kura. Mimi sikumpa mgombea siri ya mtu yeyote, na sikutafuta kujua ni lipi kati ya hayo. Ninachojua ni kwamba mvua ilipokatika lori lilifika na saruji na nondo, likafuatwa na mafundi, nao wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo kwenye mchanga uliokauka.

Habari ya mwisho niliipata mchana mmoja wa jua, dirisha langu likiwa wazi. Nilipiga, ikaita kidogo tu. Sikusikia mvumo wa mto.

"Nazungumza na mwenye simu?" nilisema, kwa mazoea.

"Hapana," ilisema sauti ya msichana. Niliikumbuka. "Mimi si yeye. Mimi ni binti yake."

Nilikaa chini.

"Mafundi walimpata," alisema. "Kwenye shimo la nguzo ya pili. Mkanda wa ukindu wa kikapu chake cha kazi ulikuwa bado umemzunguka mkononi. Tumemzika juu kilimani. Cheti tumepewa."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Lakini kadi yake wameichukua. Sasa hawezi kupiga kura." Alisema hivyo kama jambo lililomuumiza zaidi. "Daraja lina nguzo moja upande huu. Wamesema wataendelea. Tutaona."

Nilitaka kuaga. Akanizuia.

"Shangazi, yale maswali bado unauliza?"

Nilimwambia utafiti ulifungwa zamani, na kwamba majibu yake hayatakwenda popote.

"Mimi nimeshajiandikisha," alisema. "Niulize tu."

Ba alikuwa ameingia, ameketi kitandani kwangu bila sinia yake. Nikamuuliza binti yule, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nimewauliza watu wote, gavana ajaye aanze na nini. Nilisikia upepo kwenye ule mti, na simu za watu zikigongana pale zilipotundikwa.

"Ngoja," alisema. "Mimi nilikuwa nasema ya mama tu." Kisha akaanza na choo cha wasichana shuleni kwao, ambacho hakina mlango, akaendelea kutoka hapo, na hatukumkatiza.